Tela ya Fundi Haichezi

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote wanamwita Haichezi. Akimaliza geti, hulishika kwa mikono miwili, hulitikisa kwa nguvu zake zote, kisha humgeukia mwenye geti na kusema, "Umeona? Haichezi!" Akimaliza kitanda, hivyo hivyo. Akimaliza dirisha, hivyo hivyo. Chuma kikicheza mkononi mwake, hata kidogo tu, chakula hakimpiti kooni mpaka akikaze.

Mimi ni mshonaji. Nashona sare katika karakana yenye cherehani kumi na mbili, upande wa pili wa mji. Tuna watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka minne. Tunamwita Wakili, maana hujawahi kumwambia neno asilipinge. Wa pili ni mvulana wa miaka miwili na miezi. Huyo ni Bonge. Ukimwona hutauliza kwa nini.

Kila asubuhi nilikuwa nawapeleka shule ya chekechea kwa baiskeli, halafu naendelea kazini. Bonge nilimfunga mgongoni kwa kitambaa. Wakili alikaa nyuma kwenye keria, amenishika kiuno, anaendesha kesi zake.

"Mama, kwa nini Bonge anabebwa na mimi sibebwi?"

"Kwa sababu wewe mkubwa."

"Mkubwa ana miguu mirefu. Yangu mifupi. Kwa hiyo mimi si mkubwa."

Nilikuwa nacheka huku nakanyaga pedali. Nilijiona mwanamke hodari sana. Watoto wawili, baiskeli moja, na kazini sichelewi. Kumbe nilikuwa nabahatisha tu.

Siku moja tulikuwa tunateremka kwenye maghala. Baiskeli ikakwama ghafla. Wakili akapiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia. Mguu wake ulikuwa umeingia kwenye spoki za gurudumu la nyuma. Nilishuka, Bonge analia mgongoni, na mimi sijui nishike nini kwanza. Niliutoa ule mguu taratibu. Kiatu kilikuwa kimechanika vipande viwili. Kisigino kilichubuka na kutoka damu, lakini mfupa ulikuwa mzima. Njia iliyobaki nilitembea nikiisukuma baiskeli, na sikuona aibu kulia barabarani.

Jioni mume wangu alikitazama kile kiatu. Akakigeuza upande huu na upande ule. Hakunilaumu. Alisema tu, "Keria basi. Nitawatengenezea tela."

"Unajua kutengeneza tela ya watoto?"

"Mke wangu, nimetengeneza mageti ya watu wakubwa. Tela itanishinda?"

Alifanya kazi siku tatu. Alitumia mabomba mazito ya vitanda, magurudumu mawili ya mkokoteni na mbao nene za kukalia. Aliinua sanduku juu ili watoto waone mbali. Kisha akachukua mkono wa tela, akauchomelea moja kwa moja kwenye keria ya baiskeli yangu. Aliipaka rangi ya kijani. Jumamosi asubuhi aliitoa nje, na majirani wakaja kutazama. Akaishika. Akaitikisa. Baiskeli na tela vikatikisika pamoja, kitu kimoja.

"Mmeona?" akasema. "Haichezi!"

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Wakili alitaka kupanda pale pale, nikamwambia asubiri Jumatatu. Nilikuwa na sababu. Breki yangu ya nyuma ilikuwa inapiga kelele, na sikutaka kuvuta watoto na breki mbovu. Basi nikaikokota baiskeli na tela yake mpaka kwa Bibi Spoki.

Bibi Spoki ni fundi baiskeli. Kibanda chake kiko kwenye kona, umbali wa nyumba sita kutoka kwetu. Ana miaka sitini na kitu, na vidole vyake ni vyeusi kwa grisi hata siku ya harusi. Yeye na mume wangu wanataniana tangu zamani. Mume wangu humwambia kazi yake ni kukaza nati tu, hata mtoto anaweza. Yeye hujibu kwamba mtu anayejua kuunguza tu asijiite fundi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini, gari moshi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliizunguka tela mara mbili. Akachuchumaa akatazama chini. Akapima kwa kiganja urefu kutoka ardhini mpaka kwenye mbao. Akashika ule mkono wa chuma, akajaribu kuupinda. Haukupinda.

"Kazi safi," akasema. "Mchomeleo mzuri kabisa. Usimpakie mtoto humu."

Nikauliza, "Kwa nini, Bibi?"

"Mwite mwenye kazi. Sipendi kumsema fundi mwenzangu akiwa hayupo. Mwambie aje na viroba viwili vya mchanga. Watoto wana kilo ngapi?"

Nilikumbuka kadi zao za kliniki. Wakili kilo kumi na sita, Bonge kilo kumi na nne.

"Basi kimoja kumi na sita, kimoja kumi na nne."

Mume wangu alikuja amebeba viroba mabegani, uso umekunjamana. Nyuma yake walikuja watoto, na nyuma ya watoto majirani watatu ambao hawakuwa na kazi nyingine.

"Bibi, nasikia tela yangu ina kesi," akasema.

"Haina kesi bado. Pakia mchanga, panda baiskeli, zunguka pale kwenye nguzo, urudi. Ukirudi salama, mimi kesho nafunga kibanda na kuja kukusaidia kushika fimbo za kuchomelea."

Watu wakacheka. Mume wangu akapakia viroba. Wakili akasogea, akagusa kiroba kizito. "Hiki ni mimi," akasema. "Na hicho kifupi ni Bonge." Hakuna aliyebishana naye.

Mume wangu akapanda. Kwenye njia iliyonyooka, tela ilikwenda vizuri. Akatuangalia kwa fahari, akapunga mkono mmoja. Akafika kwenye nguzo, akakata kona kushoto. Baiskeli ikalala kidogo upande wa kushoto, kama baiskeli yoyote inavyolala ikikata kona. Na kwa kuwa tela ilikuwa imechomelewa nayo, tela nayo ikalala. Gurudumu la kulia likanyanyuka juu. Akajaribu kunyoosha usukani, lakini ile tela iliyoinuka juu ilikuwa imeshamvuta. Baiskeli, tela na fundi, vyote vikaenda chini. Viroba vikaruka nje. Kimoja kilipasuka na mchanga ukamwagika.

Mume wangu aliinuka haraka, akijipangusa mavumbi. Hakuumia. Mtu mmoja nyuma yangu alianza kucheka, akanyamaza mwenyewe. Ndipo Wakili akasema kwa sauti yake ile ya mahakamani:

"Baba, mimi nimeanguka."

Mume wangu alitazama kile kiroba kilichopasuka. Alikitazama muda mrefu. Sijawahi kumwona na uso ule, na nilimhurumia mpaka nikashindwa kumsogelea. Kisha akaiinua baiskeli, akaikokota mpaka kibandani, akakaa kwenye benchi.

"Bibi," akasema. "Nifundishe."

Bibi Spoki hakumcheka. Alimsogezea kikombe cha maji, akakaa karibu naye.

"Baiskeli ina magurudumu mawili," akasema. "Inasimama kwa kulala huku na huku. Tela ina magurudumu yake mawili, kushoto na kulia. Yenyewe inatakiwa isimame wima muda wote. Sasa wewe umevifunga viwili hivi viwe kimoja. Baiskeli ikilala, tela inalala. Baiskeli ikianguka, tela inaanguka. Hapa kwenye kuungana panatakiwa kiungo kinachocheza."

"Kinachocheza!" Mume wangu alisema kama mtu aliyetukanwa. "Bibi, miaka kumi na tano sijatoa kitu kinachocheza."

"Mageti yako yana bawaba?"

"Yana."

"Bawaba inafanya nini?"

"Inazunguka."

"Kwa hiyo inacheza."

"Haichezi! Inazunguka mahali pake tu, haitoki."

"Ndicho ninachokwambia, mwanangu. Kulegea ni uzembe. Kucheza mahali pake, bila kutoka, hiyo ni kazi ya fundi. Nataka bawaba inayogeuka pande zote. Baiskeli yote ilale chini, tela ibaki imekaa na watoto wake."

 Niliona macho ya mume wangu yameanza kupima kitu hewani. Nikajua ameelewa somo.

"Na mengine?" akauliza.

"Mengine ni mengi. Umefunga mkono kwenye keria, juu. Ukivuta mzigo kutoka juu, baiskeli inayumba. Funga chini, karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma. Tena kwa bolti. Ushukuru hukuchomelea kwenye fremu. Bomba lake ni jembamba, moto ungelidhoofisha, siku moja lingekatika njiani."

"Sawa."

"Sanduku lako liko juu mno. Likae chini, watoto wakae katikati ya magurudumu, si juu ya magurudumu. Magurudumu yaachane zaidi. Kitu kifupi na kipana hakianguki ovyo. Na punguza hivyo vyuma vizito, mkeo si ng'ombe."

"Asante, Bibi," nikasema.

"Na pembeni weka ukuta usiopitisha mkono wala mguu. Watoto wana vidole vya kuchunguza. Usiwaachie spoki karibu."

Nilitazama kisigino cha Wakili, kilichokuwa bado na bandeji.

"Bibi," nikauliza, "na kama ningeacha tela, nikanunua kiti cha kufunga nyuma?"

"Kiti kizuri, chenye mgongo, mikanda na kinga ya miguu, kinafaa kwa mtoto mmoja. Wewe unao wawili. Ukiwapandisha wote juu ya baiskeli, baiskeli inakuwa nzito juu, na ukianguka wanaanguka kutoka juu. Kwa wawili, tela ya chini ni bora. Lakini iwe tela ya watoto kweli. Nimeona watu wanafunga mkokoteni wa mizigo kwa kamba, ndani wanaweka mtoto. Kamba haishiki breki. Ukisimama, mkokoteni unakuja kukugonga."

"Na mikanda?" akauliza mume wangu. "Niweke ya chuma?"

Hapo nikaingia mimi. "Mikanda niachie," nikasema. "Hiyo ni kazi yangu."

Mume wangu alikwenda kuleta grenda yake. Mbele ya wale majirani waliompigia makofi asubuhi, alikata mchomeleo wake mwenyewe. Cheche ziliruka, na mkono wa tela ukadondoka. Jirani mmoja akamtania, "Leo Haichezi kashindwa!" Mume wangu akainua kofia yake ya kazi, akajibu, "Nimeshindwa na mchanga. Afadhali mchanga." Nilijivunia jibu lile kuliko geti lolote alilowahi kunionyesha.

Kazi ilichukua wiki mbili. Wakati huo wote baiskeli haikubeba mtoto. Tulitembea kwa miguu, tukiamka mapema zaidi, na Wakili akilalamika kila hatua.

Mume wangu alijenga fremu mpya kwa mabomba mepesi. Sanduku lilikaa chini, upana wa kutosha watoto wawili bila kubanana. Bibi Spoki alitoa magurudumu mawili ya baiskeli ndogo, akapanga spoki na kubadilisha beringi. Kiungo walikitengeneza wawili, wakigombana siku nzima. Mara ya kwanza kiligeuka pande mbili tu. Mara ya pili kiligeuka pande zote, lakini pini ilichomoka wakikitikisa. Mara ya tatu pini ilikaa, na juu yake wakaweka pini ndogo ya kuizuia isitoke. Kisha Bibi Spoki akaongeza mkanda imara, umefungwa kwenye mkono wa tela na kuzungushwa kwenye fremu ya baiskeli.

"Wa nini tena?" akauliza mume wangu. "Kiungo kimeshika."

"Kikikataa siku moja, mkanda utashika. Mtoto hawekwi kwenye tumaini moja."

Mimi nilishona. Mikanda ya kila mtoto ilipita kwenye mabega yote mawili, ikazunguka kiuno, na mmoja ukapanda kutoka katikati ya miguu ili mtoto asiteleze chini. Yote ilikutana kifuani kwenye klipu moja. Nilipitisha uzi mara nne, uzi ule tunaoshonea mabegi. Nilishona paa la turubai, na mbele nikaweka wavu wa kuzuia vijiwe na matope. Nyuma nikashona kitambaa cha rangi ya machungwa, na mume wangu akafunga rifleta nyekundu mbili za kuakisi mwanga. Tukasimamisha fimbo ndefu yenye bendera, kwa sababu tela iko chini na dereva wa gari kubwa anaweza asiione.

Kofia ngumu tulinunua tatu. Wakili alipinga.

"Kwa nini nivae? Tela ina paa."

"Hata mimi navaa," nikamwambia.

"Na Bonge?"

"Na Bonge."

Akafikiri. "Basi ninavaa, lakini sikubali."

Bibi Spoki hakuniruhusu kupakia watoto siku ile ile. Nilivuta viroba vya mchanga kwa siku nne. Nilijifunza kwamba tela ni pana kuliko baiskeli, kwa hiyo kona naikata kwa upana. Nilijifunza kushika breki mapema, kwa sababu mzigo unasukuma kutoka nyuma. Nilijifunza kwenda polepole kwenye mashimo. Niliacha njia ya maghala yenye mteremko na malori, nikachagua njia ya ndani. Ni ndefu kwa dakika kumi, lakini ina magari machache. Na kila asubuhi, kabla ya kuondoka, nakagua: upepo wa matairi, breki, pini, mkanda wa akiba, klipu za watoto.

Siku ya kwanza Bonge alilala kabla hatujafika. Wakili alipungia watu mkono njia nzima kama kiongozi wa nchi. Walimu walitoka nje kutazama. Nilikanyaga pedali mgongo umenyooka, na nakiri kwamba nilipita mbele ya dirisha la ofisi ya walimu mara mbili.

Mwezi wa pili wa kuitumia tela ndipo nilipoanguka.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye kona ya njia ya ndani palikuwa na tope jembamba ambalo sikuliona. Gurudumu la mbele liliteleza. Nilishika breki, nikachelewa. Baiskeli ikalala kushoto, na mimi nikalala nayo. Goti langu lilipiga ardhi, na kiganja kikachunika.

Nikiwa pale chini sikufikiria goti. Niligeuza shingo nyuma.

Tela ilikuwa imesimama. Magurudumu yote mawili yalikuwa ardhini. Kiungo kilikuwa kimegeuka upande wa baiskeli, kimelala nayo, na sanduku limebaki wima. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mikanda yao, kofia kichwani, wananitazama kupitia wavu.

"Mama," Wakili akaniambia kwa ukali, "mbona unalala njiani? Tutachelewa."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Niliwagusa wote wawili, mikono, miguu, uso. Hawakuwa na hata mchubuko. Nikainua baiskeli, nikakagua pini na mkanda, nikawafikisha shule kwa mwendo wa kuisukuma.

Jioni nilimweleza mume wangu.  Alinisafisha goti kwa maji na sabuni, akanifunga bandeji, kisha akatoka nje. Nilimchungulia dirishani. Alikuwa amepiga magoti kando ya tela, ameweka kiganja juu ya kile kiungo, anakigeuza taratibu huku na huku.

Habari ilienea. Wiki ile ile akaja mwanamume mmoja karakanani kwake, mtu wa haraka, funguo mkononi. Mimi nilikuwa mlangoni nimemletea mume wangu chakula.

"Fundi, nataka tela kama ya mkeo. Kesho kutwa."

"Watoto wangapi?"

"Mmoja. Ana miezi sita. Nitamkalisha na mito."

Mume wangu akaweka chini koleo yake. "Hapana, ndugu yangu. Miezi sita bado. Asubiri apite mwaka mmoja, akae mwenyewe bila kuegemezwa, na shingo yake iweze kubeba kofia ngumu. Hata hapo, waulize kwanza wahudumu wa kliniki yenu."

"Wewe fundi au daktari? Mimi nalipa."

"Hata ukilipa. Na kesho kutwa haiwezekani. Tela yangu haiondoki hapa mpaka imevuta mchanga, na mchanga haujamwagika."

Yule bwana alikasirika, lakini hakuondoka. Aliizunguka tela yetu iliyokuwa imeegeshwa pale. Alijaribu klipu. Akageuza kiungo. Akatulia.

"Hii umeitengeneza wewe peke yako?"

Nilisubiri. Namjua mume wangu. Kwa miaka yote niliyoishi naye, sijawahi kumsikia akigawa sifa ya kazi yake na mtu.

"Hapana," akasema. "Kiungo alinifundisha Bibi Spoki, yule wa pale kwenye kona. Mikanda ni ya mke wangu, huyo hapo mlangoni. Hiyo mikanda ndiyo iliyowashika wanangu. Mimi nilichomelea tu."

Yule bwana akanigeukia. Nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi na bandeji kwenye goti, na nilishindwa kuzuia tabasamu.

"Mama," akaniuliza, "na wangu akipita mwaka, utamshonea?"

"Nitamshonea," nikasema. "Mlete kwanza nimpime mabega."